Teno huyu hamezi maneno, ila humeza machozi

MAJUZI kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa iliyopita alinipitia ofisini, akanikuta nimefumba macho na kompyuta inaimba. Alinisalimu, nikaitikia, akavuta kiti. Alivumilia kama dakika mbili hivi, kisha uvumilivu ukamwishia.

“Mwalimu, huyu jamaa anasema nini?”

“Anasema ameona chozi,” nikamjibu.

“Chozi moja?”

“Moja tu.”

“Na muda huu wote bado hajamaliza kulisema?”

Tukacheka. Lakini kijana hakuwa amemaliza. “Si ni wewe uliyetuandikia gazetini ati wasanii wetu wanameza maneno? Ati wimbo usiosikika maneno ni mluzi tu? Sasa huyu je? Ama kwa vile ni Mzungu wa opera, yeye anaruhusiwa?”

Hapo nilinyamaza. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ni kweli nimewahi kuwasuta wanamuziki wetu kwa kulibananga neno, na ni kweli nilikuwa nimekaa pale nikistarehe na lugha ambayo siisemi nyumbani wala sokoni. Nikamwahidi kwamba nitamsikiliza mwimbaji huyu upya, nikiwa na maneno ya nyimbo mkononi, na nitampima kwa kipimo kile kile ninachowapimia wengine. Makala haya ndiyo malipo ya ahadi hiyo.

Kwanza nilimsahihisha kijana jambo moja. Mwimbaji mwenyewe si mwana wa Ulaya. Juan Diego Flórez alizaliwa Lima, mji mkuu wa Peru, mwaka wa 1973, na baba yake alikuwa mwimbaji wa muziki wa kikrioli wa nchi hiyo. Alisomea muziki Lima, kisha Philadelphia, Marekani. Mwaka wa 1996, akiwa na umri wa miaka 23, aliitwa ghafla kuchukua nafasi ya mwimbaji mwingine katika tamasha la Rossini mjini Pesaro, Italia, na tangu siku hiyo hajarudi nyuma. Sauti yake ni teno, ile ambayo wanakwaya wetu huiita sauti ya tatu, na ni teno jepesi, la juu, lenye wepesi wa chiriku.

Albamu yenyewe inaitwa Una furtiva lagrima. Ilitolewa na Decca mwaka wa 2003, Flórez akisindikizwa na okestra ya Milan iliyoitwa wakati huo kwa jina la Giuseppe Verdi, chini ya uongozi wa Riccardo Frizza. Ni mkusanyiko wa aria, yaani nyimbo za mtu mmoja zilizochomolewa katika michezo ya opera ya Waitaliano wawili, Gaetano Donizetti na Vincenzo Bellini. Wawili hawa, pamoja na Rossini aliyewatangulia kidogo, ndio nguzo tatu za mtindo uitwao bel canto. Maana yake ni uimbaji mzuri, basi. Jambo la kuchekesha ni kwamba jina hilo lilianza kuvuma baada ya mtindo wenyewe kufifia, watu walipoanza kuulilia. Mara nyingi ndivyo ilivyo: kitu hupewa jina tamu kikishazikwa.

Sasa tuingie kwenye lugha, maana hii ni safu ya lugha.

Mswahili anapokisikia Kiitaliano kikiimbwa huhisi kama amekutana na binamu yake. Sababu ni silabi. Maneno mengi mno ya Kiitaliano huishia kwa irabu, kama yetu. Mwimbaji huishi kwa irabu. Konsonanti kama t au k haiwezi kuvutwa, bali a na o zinaweza kuvutwa mpaka pumzi iishe. Ndiyo maana lugha hizi mbili hazimpi mwimbaji shida kubwa pale sauti inapotaka kutanda.

Lakini ubinamu huo una mipaka. Sisi tuna irabu tano. Waitaliano huandika tano lakini hutamka saba, kwa kuwa e yao ni mbili na o yao ni mbili, moja ya mdomo wazi na nyingine ya mdomo uliobana. Neno pesca likitamkwa kwa e iliyo wazi ni tunda liitwalo pichi. Likitamkwa kwa e iliyobana ni uvuvi. Kihispania, lugha ya mama ya Flórez, kina irabu tano kama Kiswahili. Kwa hiyo mtoto huyu wa Lima alianza safari yake pale pale ambapo mimi na wewe tungeanzia. Ilimbidi ajifunze zile mbili zilizobaki. Nimemsikiliza kwa sikio la mwalimu wa fonetiki, na nakiri kwamba amefuzu. Irabu zake ni safi kama maji ya mtungi. Hata anapopanda huko juu, mahali ambapo waimbaji hufundishwa kuizungusha irabu ili koo lisikabwe, bado unaweza kutofautisha e yake na i yake. Wengi wakifika huko, irabu zote huwa uji mmoja.

La pili ni shadda. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tofauti ni chache. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua mfano wa barabara: ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho unapata njia ya magari, ukirudisha mkazo nyuma unapata sawasawa kabisa. Waitaliano wana mifano hiyo tele. Ancora yenye mkazo mwanzoni ni nanga. Yenye mkazo katikati ni bado. Basi tazama jina la albamu hii. Mswahili akiliona neno lagrima, yaani chozi, atalisoma mara moja kwa kukaza gri. Atakuwa amekosea. Mkazo uko kwenye la, na silabi mbili zinazofuata zinadondoka zenyewe, kama chozi linavyodondoka.

Hapo ndipo mshairi aliyeandika maneno hayo, Felice Romani, anapostahili kuvuliwa kofia. Wapenzi wa mizani, hebu nisikilizeni. Kwa kawaida yetu, mshororo wa mizani nane una silabi nane, basta. Waitaliano huhesabu kwa njia nyingine: wanatazama mkazo wa mwisho umeangukia wapi. Mshororo wao wa mizani saba ni ule ambao mkazo wake wa mwisho uko kwenye silabi ya sita. Kitakachofuata baada ya hapo hakibadilishi hesabu. Hesabu silabi za Una furtiva lagrima kwa vidole utapata nane. Mshororo unaofuata una sita tu. Na bado kwao yote miwili ni ya mizani saba!

Romani aliutumia mwanya huo kwa ustadi. Katika mishororo ya mwanzo wa wimbo huu, mmoja huishia kwa neno lenye mkazo wa nyuma, linalodondoka; unaofuata huishia kwa neno lenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, linalokatika ghafla. Kudondoka, kukatika, kudondoka, kukatika. Na vina viko kwenye yale yanayokatika. Mtu anayesema hivyo ni mtu ambaye moyo unamwendea mbio na hataki kuamini alichokiona.

Ameona nini? Opera hii, L'elisir d'amore, ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Milan mwezi Mei mwaka wa 1832. Nemorino ni kijana wa mashambani, maskini, mwenye haya, anayempenda Adina, msichana mwenye mali na maneno makali. Mchuuzi wa dawa anafika kijijini na kumwuzia chupa ya dawa ya mapenzi. Sisi tuliozoea kuona vibao vya waganga vimepigiliwa kwenye nguzo za stima tunamjua mchuuzi huyo vizuri sana. Ndani ya chupa mna mvinyo tu. Kijana anakunywa, anajipa ujasiri, anamwonyesha Adina kwamba hamjali, wasichana wengine wanamzunguka. Na Adina, kwa mara ya kwanza, anadondosha chozi kisirisiri. Nemorino analiona. Watu wamecheka kwa muda mrefu, na ghafla ukumbi unanyamaza.

Donizetti anamtanguliza basuni, zumari nene la mbao lenye sauti ya mzee anayejisemea peke yake. Wimbo unaanza katika ngazi ya muziki yenye huzuni, ingawa habari yenyewe ni ya furaha. Ngazi ya furaha inafunguka kwa muda mfupi katika ubeti wa kwanza, kijana anapotambua kwamba anapendwa. Kisha giza linarudi, na ni mwishoni mwa ubeti wa pili tu ndipo nuru inapotua na kubaki. Furaha ya mtu aliyezoea kukosa huja hivyo, kwa kusitasita.

Flórez analiimbaje? Kwa adabu kubwa. Silabi ya la inapata uzito wake, zile mbili zinalegea inavyotakiwa, pumzi haikatiki, na hakuna neno linaloliwa. Haongezi kwikwi za kilio ambazo waimbaji wengi wa zamani walizipenda. Kwa kipimo cha kijana wangu, basi, mtuhumiwa hana hatia. Hamezi maneno. Tena nitasema zaidi: ukiwa na matini mkononi, hata kama Kiitaliano chako ni cha kuombea maji tu, unaweza kumfuata neno kwa neno. Ni waimbaji wangapi wa Kiswahili ninaoweza kuwafuata hivyo, ilhali lugha ni yangu?

Lakini kesi haijaisha. Kutamka neno ni jambo moja, kulimaanisha ni jingine. Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na wale wanaoisifu albamu hii bila kupumua.

Chukua aria mbili. Ya kwanza inatoka katika Don Pasquale, opera ya Donizetti iliyoonyeshwa Paris mwaka wa 1843. Ernesto ameambiwa aondoke nyumbani kwa mjomba wake, na anaamini kwamba mchumba wake amempotea. Tarumbeta inamtangulia kwa wimbo mrefu wa upweke, kisha anaapa kwamba atakwenda nchi ya mbali kuficha msiba wake. Ya pili inatoka katika Rita, mchezo mdogo wa kitendo kimoja ambao Donizetti hakuuona jukwaani. Ulionyeshwa mwaka wa 1860, yeye akiwa kaburini tangu 1848. Beppe, mume anayechapwa na mkewe, anagundua kwamba mume wa kwanza wa mwanamke huyo, aliyedhaniwa amekufa, yu hai. Anaruka kwa shangwe kwamba sasa ataponyoka.

Mmoja amefiwa na matumaini. Mwingine amefunguliwa pingu. Sasa fumba macho, usiitazame matini, usisikilize tarumbeta, sikiliza koo pekee. Rangi ni ile ile! Ni sauti angavu, iliyokaza, inayometa kama sufuria mpya. Kwa Beppe inafaa ajabu. Ule wimbo ni mchezo na Flórez anaucheza kama mtoto anayeruka kamba. Kwa Ernesto haifai. Neno la huzuni linasikika wazi, kila silabi mahali pake, lakini mtu mwenye huzuni hayupo. Ni kama mtangazaji hodari anayesoma tanzia: matamshi safi, na marehemu hamjui.

Katika bel canto kuna kanuni nyingine inayomhukumu mwimbaji. Aria kubwa huwa na sehemu mbili, ya polepole na ya haraka. Ile ya haraka huimbwa mara mbili, na mara ya pili mwimbaji alitarajiwa kuipamba kwa vito vyake mwenyewe. Wasioipenda opera huona hapo majivuno matupu: ameshasema, kwa nini aseme tena? Mswahili hapaswi kuuliza hivyo. Lugha yetu inajua kwamba kurudia si kusema tena. Pole si polepole. Kupiga si kupigapiga. Na katika mashairi yetu, kibwagizo cha ubeti wa nane si kile cha ubeti wa kwanza hata kama maneno ni yale yale, kwa sababu katikati tumepitia mengi. Pambo la bel canto ni sarufi ya namna hiyo. Mara ya pili, mhusika anapaswa awe ameamua zaidi, amekasirika zaidi, au ametumaini zaidi.

Katika mapambo, Flórez hana mpinzani kirahisi. Noti ndogo ndogo zinamtoka kama punje za mtama kutoka gunia lililotoboka, kila punje peke yake. Nafurahi. Lakini mara nyingi najikuta nikiuliza, hii ya pili imenieleza nini ambacho ile ya kwanza haikunieleza? Imenieleza kwamba Juan Diego Flórez anaweza. Hilo nilikuwa nimeshalijua.

Kuna ndugu yake wa zamani wa kumlinganisha naye. Tito Schipa, teno wa Italia wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, naye aliurekodi wimbo huu wa chozi. Sauti yake haikuwa na mwanga wala urefu wa Flórez. Huko juu kabisa hakupenda kwenda. Lakini Schipa alipolitaja chozi ulijua kwamba amelihifadhi mfukoni. Alikuwa akisema huku anaimba. Enrico Caruso, katika rekodi yake ya mwaka wa 1904, yenye mikwaruzo ya santuri, anakuja na kifua kizito na moyo wazi. Flórez yuko karibu na Schipa kwa wepesi wa koo, na mbali naye kwa jambo hilo moja la kusema.

Niwe mwadilifu, sehemu ya lawama si yake. Albamu za namna hii zina kasoro ya kuzaliwa nayo. Ni kama kung'oa beti kumi kutoka tenzi kumi na kuzifunga kitabu kimoja. Chozi la Adina lina thamani kwa sababu tumemwona Nemorino akichekwa tangu pazia lilipofunguliwa. Kwenye albamu, chozi linakuja na kuondoka, na dakika chache baadaye mtu mwingine kabisa anaapa kulipiza kisasi kwa upanga. Nani hatachoka? Ushauri wangu ni kwamba msisikilize albamu hii kwa mkupuo. Sikilizeni aria moja, mwisho mbili, mkiwa mmeshaisoma hadithi yake.

Pia Flórez wa 2003 alikuwa na miaka 30 tu. Hasara ya kumfungia mtu ndani ya rekodi ni kwamba yeye huendelea kukua na rekodi hubaki pale pale. Miaka minne baadaye, katika ukumbi wa La Scala mjini Milan, watazamaji walimshangilia katika aria ya Donizetti yenye noti tisa za do ya juu mpaka akairudia yote, jambo ambalo halikuwa limeruhusiwa ukumbini humo tangu mwaka wa 1933. Nadhani watu hawakuvunja mwiko wa miaka zaidi ya 70 kwa ajili ya noti pekee. Walipata mtu mzima jukwaani, ndani ya hadithi nzima.

Basi sisi tunaondoka na nini? Mimi naondoka na shadda. Nendeni kanisani, nendeni kwenye mashindano ya kwaya, mkasikilize jinsi Kiswahili kinavyovalishwa nguo za kuazima. Neno mwokozi mkazo wake uko kwenye ko, lakini muziki uliotungiwa lugha nyingine unaupiga mdundo wake mkubwa kwenye mwo, na waimbaji wanafuata. Tumezoea hata hatusikii. Romani na Donizetti walikaa chini wakahakikisha kwamba chozi linadondoka mahali linapodondoka katika lugha ya watu wao. Watunzi wetu wakifanya hivyo na Kiswahili, hatutahitaji kuombwa tusikilize maneno, yatasikika yenyewe.

Nilimpigia simu yule kijana kumpa hukumu. Nikamwambia: mtuhumiwa hamezi maneno hata moja, na katika hilo wasanii wetu wamwendee shuleni. Anachomeza ni machozi, na katika hilo wapo wa kwetu wengi wanaoweza kumfundisha.

Akanyamaza kidogo. “Sasa mwalimu,” akasema, “nitumie ile ya chozi. Lakini unitumie na hadithi yake.”

Nimemtumia zote mbili.